Tisini na Tisa Mbili

Kisii Mjini
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa Machogu,

Naandika kwa karatasi kwa sababu tukipigiana simu tunagombana, na ukishindwa unakata halafu unasingizia mtandao wa Ekerenyo. Karatasi haikatiki. Isitoshe, kadi ya kumbukumbu yenye programu lazima ije kwa mkono, faili ni kubwa mno, kwa hiyo bahasha ilikuwa inakuja tu.

Habari ni hii: mashine yetu ya kuchonga mawe imekata ndizi. Unajua nilibaki na msumeno mmoja hapa ofisini wa kujaribia. Nilinunua mkungu wa ndizi mbichi sokoni Daraja Mbili, nikawa naingiza ndizi mojamoja chini ya msumeno, pale ambapo kidole cha mchongaji kinaweza kufika. Msumeno ukienda moja kwa moja, jicho la mashine linaiona ndizi, msumeno unasimama, ndizi inatoka bila alama. Ukienda kwa kona ndefu, kama ile ya shingo ya twiga, unachelewa. Ndizi moja imekatwa karibu nusu. Najua unacheka. Weka kidole chako mahali pa ndizi ndipo ucheke.

Nikafungua kiendeshi chako, ile programu inayoendesha mota. Naona nini? Umejipa kipaumbele cha tisini na tisa, humo humo ndani, bila kumuuliza mtu! Haya mambo unayajua, lakini nayaandika usipate pa kutorokea. Mashine ina prosesa moja. Kila kazi ndani ya mfumo endeshi ina uzi wake, na nyuzi zisizotakiwa kuchelewa hupewa namba. Namba kubwa hupita mbele, na tisini na tisa ndiyo mwisho wa ngazi. Uzi wako ukishaishika prosesa kuhesabu hatua za kona, hauiachii mpaka umalize. Uzi wa jicho langu unabaki mlangoni ukibisha hodi.

Shusha hiyo namba. Tata, yaani baba yangu Okemwa, anaanza wiki hii kuchonga na mashine yenyewe kule Tabaka. Nimemwambia angoje. Ameitikia vile anavyoitikia mambo ambayo hana mpango wa kuyafanya. Machogu, mikono ya huyo mzee ndiyo iliyonisomesha. Sitaki kusikia ati ilipotea kwa sababu ya namba.

Wako katika kazi,
Persis Kwamboka


Ekerenyo
Alhamisi, 6 Machi 2025

Kwa Mhandisi Kwamboka, Mkaguzi wa Ndizi,

Salamu zako za upendo zimefika. Mama anakusalimia. Anauliza utakuja lini kutusaidia kuchuma chai, maana nimemwambia una nafasi hata ya kukatakata ndizi ambazo wenzako wangepika.

Sishushi.

Sasa kaa chini nikueleze. Mota ya aina hii inakwenda kwa hatua, na kila hatua lazima iamriwe kwa wakati wake. Ikikosa hata moja, msumeno unaingia mahali usipotakiwa, jiwe linapasuka, na kipande kinachoruka hakiulizi macho ya mtu yako wapi. Ndiyo maana niliweka tisini na tisa. Sikuweka kwa majivuno, niliweka kwa sababu najua kazi yangu. Viendeshi vya mota nimeandika vingi, na hakuna hata kimoja kilichorudishwa.

Na kabla hujaninyooshea kidole, mimi pia nina macho. Nimefungua kiendeshi chako cha jicho. Umejipa namba gani, dada yangu? Tisini na tisa! Tena pembeni umeandika maelezo: "Muhimu kuliko vyote." Ala! Mimi angalau niliandika tu "Usiguse". Kati yetu nani amevimba kichwa?

Shusha wewe. Jicho likingoja kidogo hakuna kinachoharibika. Mota ikingoja kidogo, kila kitu kinaharibika. Na mwambie Mzee kazi njema, mwambie mota ya Machogu haimwangushi mtu.

Wako asiyeshuka,
Thadeus Machogu


Kisii Mjini
Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwa Machogu,

Ndiyo, yangu ni tisini na tisa, na itabaki hivyo. Niliipandisha siku nilipoiona yako, hapa na kwenye mashine ya Tabaka, maana ningefanya nini? Yako inalinda jiwe. Yangu inalinda mkono. Mawe Tabaka yamejaa mpaka wanayatandaza barabarani. Mikono, kila mtu ana miwili.

Umeandika ati jicho likingoja kidogo hakuna kinachoharibika. Haki ya nani, hiyo sentensi nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Kidole kinahitaji muda gani kukatwa, Machogu?

Sasa tuko sawa kwa namba, na hapo ndipo shida ilipo. Nyuzi mbili zenye namba moja hazinyang'anyani. Aliyetangulia kuishika prosesa ndiye mwenye neno, mwingine anangoja amalize. Kwa hiyo mmoja lazima ashuke, na mmoja huyo ni wewe. Sijui niandike kwa rangi gani ndipo ikuingie.

Jana nilimpigia Tata. Nilimuuliza mashine inaendeleaje, akasema "mbuya mono", vizuri sana, halafu akaanza kuniuliza habari za mvua. Nikarudi kwa mashine, akarudi kwa mvua. Labda amechoka. Amekuwa na furaha tangu ipelekwe, Mama anasema anaamka akiimba nyimbo za kanisani, na wewe unajua tangu bega lake liharibike alikuwa haimbi kitu. Hiyo ndiyo sababu sitaki mzaha na hili jambo. Nitumie kiendeshi kilichorekebishwa.

Persis Kwamboka


Tabaka
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mwanangu Machogu,

Bwana asifiwe. Mimi ni Okemwa, baba yake Persis. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, usome polepole.

Ijumaa iliyopita nilitaka kumaliza bakuli kubwa kabla jua halijatua, Sabato isije ikanikuta na vumbi. Sasa, jiwe kavu linatimua vumbi na huwezi kuona mishipa yake. Kwa hivyo sisi huku tunalilowesha. Mkono mmoja unamwaga maji, mwingine unapangusa nyuma ya msumeno, unasikia kama jiwe lina ufa. Nimefanya hivyo tangu ujana wangu na mkono hauniombi ruhusa. Kwa haraka ya Sabato nilimwaga maji mengi. Mkono ukasogea karibu. Ile taa nyekundu ya jicho ikawaka, niliiona mimi mwenyewe, lakini msumeno haukusimama. Nilijitoa kwa nguvu zangu. Kiganja cha kulia kimeshonwa. Vidole vyote vipo na vinakunjika. Mungu ni mwema.

Nakuandikia wewe kwa sababu Persis akijua, atakuja na pikapu aibebe mashine, na ikienda hairudi. Namjua, ni damu yangu. Na mimi mashine hii naipenda, Machogu. Bega langu lilikataa msumeno wa mkono. Nilikuwa nimeanza kushinda dukani kwa Nyakundi na wanaume wanaongojea tu chakula cha jioni. Sasa nimerudi kwa mawe makubwa. Usiniambie nirudi kwa Nyakundi.

Wewe ndiwe unayejua mota. Itengeneze. Mshono unatolewa wiki ijayo, na Jumatatu ya tarehe 24 nitarudi kazini, iwe imetengenezwa au haijatengenezwa. Persis asijue. Kwa simu siwezi kusema, mke wangu Gesare anasikia kila kitu, na tayari ameniambia nisipomwambia mtoto mwenyewe, yeye atamwambia.

Ni mimi mzee wako,
Okemwa


Ekerenyo
Ijumaa, 14 Machi 2025

Kwamboka,

Nimeiondoa tisini na tisa. Sijaishusha, nimeiondoa kabisa. Kiendeshi cha mota sasa hakijipi namba yoyote. Kadi imo ndani ya bahasha.

Sasa ondoa yako pia. Ngoja, usichane karatasi.

Jana nilikuwa kwenye matanga hapa jirani. Kulikuwa na wageni wawili waheshimiwa, na kila mmoja alikuwa ameahidiwa na mtu fulani kwamba atazungumza wa mwisho, kwa heshima yake. Wa kwanza akashika kipaza sauti, hakukiachia. Wa pili akasimama kando yake akingoja kukishika. Mchungaji aliyekuja kuzika ameketi, jeneza liko pale, jua linazama. Mpaka ndugu wa marehemu, mwenye boma, akaja akakichukua kile kipaza sauti mkononi mwa mtu na kusema nani anafuata. Hakuna aliyenung'unika, maana boma ni lake na anajua waliomo wote.

Sisi tumefanya kama wale wageni. Mimi ninapoandika kiendeshi cha mota huku Ekerenyo, sijui nitakutana na nani ndani ya mashine. Wewe pia hujui. Kila mmoja amejiandika mgeni wa heshima akiwa bado kwake. Namba hazikai ndani ya viendeshi, Kwamboka. Zinapangwa na anayeunganisha mashine yote, kwa nje, akiwa ameziona nyuzi zote zilizomo.

Halafu nifanyie jambo moja na usiniulize sababu. Rudia majaribio ya ndizi, lakini lowesha jiwe. Usinyunyize, mwaga. Fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Tafadhali.

Thadeus


Kisii Mjini
Jumanne, 18 Machi 2025

Machogu,

Barua yako ilifika jana, nikacheka mpaka mwenye ofisi ya jirani akachungulia. Nikasema Machogu amesalimu amri! Nikaweka kiendeshi chako, namba yangu nikaiacha vilevile tisini na tisa, maana sikuona kwa nini mshindi ajinyenyekeze. Kisha nikamwaga maji kama ulivyosema.

Ndizi ilikatika vipande viwili. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Nilikaa kitako nikafuatilia mstari kwa mstari, na hapo hakuna wa kumlaumu ila mimi. Jicho langu linahesabu kila tone la maji kuwa kitu kipya kilichopita. Liliiona ndizi, likaandika neno SIMAMA, kisha likarudi kwenye matone, na matone hayaishi. Lakini neno hilo linatekelezwa na uzi wako wa mota, na uzi wako haukupata nafasi hata ya kulisoma, kwa sababu uzi wangu muhimu kuliko vyote ulikuwa umekalia prosesa. Msumeno ukaendelea kuzunguka kwa amri ya zamani. Kwa kona ndefu wewe ulinizuia mimi. Kwa maji, mimi nimekuzuia wewe. Ni ugonjwa mmoja.

Kisha nikajiuliza: Machogu alijuaje habari ya maji? Mimi ndimi mtoto wa Tabaka na sikuyafikiria. Wewe hujawahi hata kumwona mtu akichonga.

Sikumaliza hata chai. Nilipofika Tabaka, Mama alianza kulia kabla sijafunga lango. Tata alikuwa amevaa koti, jua kali namna hii, mkono wa kulia umo mfukoni. Nikasema Tata, nisalimie. Akanipa wa kushoto. Machogu, nilipiga kelele mpaka wachongaji wa upande wa pili wakazima redio.

Mlinificha, wewe na yeye. Nina hasira, na nikikuona nitakwambia usoni yale ambayo siwezi kuandika. Mtu anakatwa na kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na mimi niko mjini nabishana kwa barua nani apite mbele.

Nilienda na pikapu, ndiyo, vile Tata alivyohofia. Tukaanza kulegeza bolti. Tata alienda akasimama karibu na jiwe lake kubwa la waridi ambalo hajaligusa, akaliwekea ule mkono uliofungwa bandeji. Nikamwambia mwenye pikapu arudi Kisii bila mzigo. Lakini plagi nimeichomoa, na nimemwapia kwamba haitarudi ukutani mpaka mimi niseme.

Namba yangu nimeitoa. Ulikuwa sahihi kuhusu matanga, na inaniuma kuandika hivyo. Ugawanye uzi wa mota, wa kusimamisha uwe peke yake, unitumie kabla ya Jumatatu ambayo Tata anataka kurudi kazini.

Persis


Ekerenyo
Alhamisi, 20 Machi 2025

Kwamboka,

Samahani. Mzee alinisihi, na ningefanya nini, nimkatae baba wa mwenzangu kwa barua iliyoandikwa kwa mkono wa kushoto? Lakini ningeweza kukuandikia siku hiyohiyo "zima mashine" badala ya kukuletea hadithi ya matanga. Hilo ni langu. Ukinikuta, nigombeze tu, nitasikiliza.

Kazi ni hii. Nimeugawa uzi wa mota sehemu mbili. Mmoja mfupi sana, hauna kazi nyingine duniani ila kusikia SIMAMA na kukata nguvu ya msumeno. Mwingine unahesabu hatua za kona. Wewe lifunze jicho lako likishaona mkono liachie prosesa mara moja, matone yangoje. Ndani ya viendeshi vyetu hakuna namba hata moja. Nje, kwenye mipangilio ya mashine, ziko nafasi nne: kusimamisha, jicho, hatua, na skrini. Anayezijaza ni mwenye mashine akiwa nawe kando. Mimi nimejaribu hapa kwa mota ya akiba, na ninakwambia bila kusitasita kwamba itasimama.

Jambo moja. Najua unawaza nini, kwa sababu na mimi niliwaza hivyo hivyo. Usiuingize mkono wako. Ndizi zinatosha. Mama anauliza kwa nini nimeacha kula, unataka nimpe sababu nyingine?

Thadeus


Tabaka
Jumatatu, 24 Machi 2025

Mwanangu Machogu,

Bwana asifiwe. Persis amelala, amechoka, kwa hivyo ninakueleza mimi. Kila kitu nitakueleza, siku hizi sina ruhusa ya kuficha.

Jana asubuhi tulianza. Alinikalisha mbele ya skrini ndogo, akaniuliza, "Tata, wewe ndiye mwenye karakana, nani apite mbele?" Nikasema mkono. Akauliza nani anafuata. Nikasema mkono tena, akanicheka, akanieleza vizuri nikazipanga zote nne. Tukamwaga maji, Gesare ndiye aliyekuwa na ndoo. Ndizi zikaingia, ndizi zikatoka nzima, kwa mstari ulionyooka na kwa kona, mpaka Gesare akasema basi, hizi tutapika.

Mimi nikasema vizuri, nirudi kazini. Persis akasema bado. Akakunja mkono wa shati.

Nilimwambia hapana. Akaniambia, "Tata, utauweka wako hapa kila siku ya Mungu, na mimi ndimi niliyeiandika. Wako utafuata wangu." Akawasha. Akashika jiwe kama ninavyolishika mimi, sijui alinitazama lini akajifunza, akapangusa yale maji nyuma ya msumeno, polepole, akisogea.

Machogu, mimi nilikatwa na ile mashine na sikuiogopa. Nilifunga kidonda nikaenda kanisani nikaimba. Lakini kuona vile vidole vya mtoto wangu vikiukaribia ule msumeno, nilisahau mambo yote, mawe, bega, Nyakundi na duka lake. Nilikimbilia ukutani. Nilipiga teke ndoo, nikamwangusha Gesare, nikachomoa ile plagi na kipande cha ukuta kikaja nayo. Kama ningekuwa na shoka ningeipasua mashine yote.

Nilipogeuka, Persis alikuwa amesimama palepale, mkono uko juu ya jiwe, mzima, vidole vitano. Alikuwa akinitazama mimi.

Akasema, "Tata, ilisimama zamani. Ulikuwa hata hujafika kwa ukuta."

Gesare akasema ni kweli, aliona akiwa chini.

Nikakaa kwenye maji pale sakafuni. Nikamwambia mtoto wangu, sasa nimejua ulisikia uchungu gani uliponikuta na lile koti. Akakaa na yeye kando yangu. Tulilia kidogo, halafu akaenda kutafuta simiti ya kurudisha plagi.

Leo nimeanza lile jiwe la waridi.

Ni mimi,
Okemwa